Wimbo Uliotoka Stoo ya Magodoro

Nilipofika Maskati mwishoni mwa miaka ya tisini, kitu cha kwanza nilichofundishwa kazini ni kukunja shuka la kitanda kikubwa bila kuligusisha sakafuni. Ni kazi ya watu wawili. Mnashika pembe, mnarudi nyuma hadi linyooke, mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana tena. Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa Kisirilanka. Hatukuwa na lugha moja ukiacha maneno ya Kiarabu ya kazini, yalla, khalas na shwaya shwaya, yaani haya, basi na polepole, kwa hiyo nikawa naimba ili tujue wakati wa kusogea. Nikishuka sauti, tunasogea. Nikipanda, tunaachana. Wiki chache baadaye msimamizi wetu alituambia kwamba sisi wawili ndio tunaokunja haraka kuliko wote katika chumba cha kufulia, na akaniruhusu niendelee kuimba mradi nisisikike ghorofa ya juu.

Hoteli ilikuwa Matrah, inatazama bandari, lakini sisi wa kufulia tulikaa chini kabisa na bandari tuliiona tukienda kula. Nilikuwa nimetoka Tanga, sijaolewa, nimeacha mdogo wangu wa kike na mumewe katika nyumba ya wazazi wetu. Sauti yangu ni nzito. Zamani madrasa, kwenye kasida, mwalimu aliniweka nyuma pamoja na wavulana, na wenzangu walinicheka mpaka nikazoea kuimba midomo imefungwa.

Ijumaa ndiyo siku niliyopumzika. Kulikuwa na duka moja ndani ya vichochoro vya soko la Matrah lenye vibanda vya simu, na Watanzania wengi tulipanga foleni pale kupiga nyumbani. Siku moja nilikuwa kwenye foleni hiyo nikiimba kidogokidogo puani, mwanamke mfupi aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Wewe ni besi," akaniambia, hata hajanisalimia.

"Mimi ni nani?"

"Besi. Sauti ya chini. Huwa tunaomba wanaume watupe hiyo, na wanaume wenyewe hawaji mazoezini."

Alitoka Moshi. Kule alikuwa akifundisha kwaya ya usharika wao wa Kilutheri, na hapa alikuwa mfanyakazi wa ndani Khuwair ya Kusini, kwenye nyumba ya Waomani waliotoka Zanzibar. Tulizungumza mpaka zamu yake ikafika. Alipomaliza simu hakuondoka, alinisubiri. Wiki iliyofuata alikuja na ujumbe kutoka kwa mwenye nyumba yake: mwambie huyo mwenzako aje kula, mtu asikae peke yake Ijumaa.

Ndivyo nilivyoijua ile nyumba. Mama mwenye nyumba alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake hakikuhama. Alisema "nna" na "n'kwambie" na "alokuja", na wote tuliopita jikoni kwake alituita mwanangu. Mumewe alikuwa mkubwa katika wizara moja, mtu wa maneno machache, anayekula pamoja na wageni wake upande wa wanaume kisha anajifungia na magazeti. Walikuwa na watoto kadhaa, lakini anayehusika na habari hii ni binti yao mkubwa, aliyesoma Uingereza, akarudi, akaajiriwa benki. Alikuwa amerudi na begi zima la kaseti na sidii za muziki wa soul, hasa makundi ya wanawake watatu, wanne, wale ambao mmoja anaongoza na wengine wanamjibu.

Alikuwa akiziweka jikoni tukiwa tunaosha vyombo. Mara ya kwanza nilisikia tu makelele mazuri. Rafiki yangu wa Moshi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia bei, alifuta mikono akasimama mbele ya redio kama anayesikiliza mgonjwa kifuani.

"Rudisha hapo," akasema. "Sauti ya pili inapanda, ya kwanza imebaki palepale. Rudisha tena. Umesikia ya chini inavyozunguka? Hiyo ni yako."

Binti akarudisha. Rafiki yangu akanipa sauti yangu kwa kuniimbia, akashika yake ya juu, na binti akashika ile ya kuongoza kwa sababu yeye ndiye aliyejua maneno. Tulipoingia pamoja, sote watatu tulinyamaza ghafla. Sijui namna nyingine ya kueleza. Ilikuwa kama mtu wa nne ameingia jikoni.

Tangu siku hiyo Ijumaa zikawa za mazoezi. Rafiki yangu alitufundisha pumzi na kusikilizana. Binti alitufundisha kuchelewa. "Msilikimbilie neno," alikuwa akisema. "Liacheni lipite kidogo, halafu mlidake." Kwangu hilo lilikuwa gumu, maana kasida haikusubiri mtu. Mama alikuwa akikatakata vitunguu akitusikiliza, mpaka siku moja aliweka kisu chini.

"Nyimbo zenyewe hazina neno n'lolijua. Oo, oo, basi. Kwa nini msizitie Kiswahili?"

"Mama, huu ni muziki wa Kimarekani," binti akamjibu.

"Na mie nnayesikiliza ni Mmarekani?"

Tukaanza kutunga kwa Kiswahili. Maneno yakawa kazi yangu, kwa vile niliyazoea tangu kwenye mashuka.

Mara ya kwanza kuimba mbele ya watu ilikuwa harusini kwa mpwa wa mama. Kule harusi ya wanawake ni ya wanawake watupu, ukumbi unafungwa, hata anayepiga picha ni mwanamke. Waimbaji waliokodiwa walichelewa, bibi harusi amekaa jukwaani na maua yake, wageni wanatazamana. Mama alitujia mezani. "Ondokeni mkaimbe," akasema, kama anavyotuambia tuondoe sahani. Binti alisema hawezi, mama akamwondolea mkoba mapajani. Tukapanda. Hatukuwa na ala yoyote, rafiki yangu alipiga vidole na mimi nikapiga ubavu wa meza. Wimbo wa kwanza walituangalia tu. Wa pili, bibi wa makamo aliyekaa mbele alianza kutikisa kichwa, na wa tatu vigelegele vilitufunika tusisikie sauti zetu.

Baada ya hapo tulialikwa kila msimu wa harusi. Wakati mwingine kulikuwa na harusi mbili wiki moja, Khuwair na kwingineko, na binti alituendesha kwa gari lake kutoka huku kwenda kule, nguo zimening'inia dirishani. Kwake hapakuwa na tatizo lolote nyumbani. Baba yake alijua kwamba binti yake na wenzake wanaimba kwenye shughuli za wanawake, na wanawake wengi wa ukoo wanaimba.

Mtu aliyetupeleka mbele zaidi alikuwa Mgoa mmoja aliyepiga kinanda kwenye ukumbi wa hoteli yangu. Kila wiki alishuka mwenyewe chumba cha kufulia kuleta koti lake la jukwaani, maana hakumwamini mtu mwingine. Siku hiyo nilikuwa kwenye shuka na mwenzangu. Aliganda mlangoni, koti mkononi, akasikiliza hadi tukamaliza rundo zima. Kisha akasema kwa Kiswahili:

"Mama, wewe imba tena. Mimi nataka sana."

Kumbe alizaliwa Dar es Salaam, wazazi wake wakarudi Goa angali mtoto, na Kiswahili chake kilibaki na umri ule ule. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa akiongea kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimweleza kuhusu wenzangu. Akaomba kutusikia, na binti akamuuliza mama yake. Mama akakubali kwa sharti kwamba aje mchana na yeye mwenyewe akae palepale. Mgoa alikuja na kinanda kidogo amekikumbatia, akala kwanza, kwa sababu hakuna aliyepita kwenye nyumba ile bila kula, kisha tukamwimbia nyimbo mbili. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Hii lazima tuiweke ndani ya mashine," alisema. "Hii ikipotea, mimi nitakasirika."

Yeye ndiye aliyepata mahali. Shemeji yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha magodoro kule Rusayl. Ijumaa mashine zilizimwa, na nyuma ya kiwanda kulikuwa na stoo iliyojaa vipande vya sponji kutoka chini hadi dari. Mgoa alisema studio za watu wenye uwezo hutafuta ukimya kama ule na hawaupati. Ukifunga mlango wa ile stoo na kupiga makofi, sauti inafia mkononi. Alileta kompyuta, maikrofoni mbili na nyaya, akatupangia ukuta wa sponji kila upande.

Tulikwenda huko baada ya sala ya Ijumaa, wiki hadi wiki, karibu msimu mzima wa baridi. Kiyoyozi tulikizima kwa sababu kilinguruma, na ingawa ilikuwa baridi ya Maskati, ndani ya sponji kulikuwa na joto la kuchemsha. Tuliimba na taulo shingoni. Mama alikuja kila mara. Alikaa juu ya rundo la magodoro na chupa ya kahawa na kontena la halua, akatuangalia dakika chache, akalala. Mara moja alikoroma katikati ya wimbo na Mgoa akaondoa vipokea sauti masikioni mwake, akamtazama kwa heshima, akatwambia kwa kunong'ona, "Tusubiri bibi aamke."

Wimbo uliotutoa ulizaliwa kwa sababu ya mdogo wangu. Alikuwa na tabia ya kupiga simu hotelini siku za kazi, anapigia ile simu ya korido, na mimi naitwa nikiwa na povu hadi viwikoni. Siku moja nilimkatiza. Nilimwambia, Jumatatu usinipigie, mikono yangu ina sabuni, nipigie Ijumaa. Niliporudi kwenye mashuka maneno yale yalikuwa bado yananicheza mdomoni. Ijumaa iliyofuata nikawapelekea wenzangu:

Jumatatu usinipigie, mikono ina sabuni,
Jumanne usinipigie, mtoto analia chumbani,
Nipigie Ijumaa, ndipo nitakuwa mimi.

Rafiki yangu wa Moshi aliposikia mstari wa mtoto analia chumbani aliniomba niurudie. Mtoto wa kulelewa pale nyumbani alikuwa mdogo wa mwisho wa binti, na wa kwake mwenyewe alikuwa Moshi kwa bibi yake. Alisema, "Huo nauimba mimi." Binti akasema na iwe hivyo. Kwa hiyo katika wimbo ule mmoja kila mtu ana mstari wake wa kuongoza: wa sabuni ni wangu, wa mtoto ni wa rafiki yangu, na Ijumaa ni ya binti, naye aliichelewesha ile Ijumaa mpaka unadhani haiji, halafu anaidaka.

Tulirekodi nyimbo nane. Mgoa alizichoma kwenye sidii kwa kompyuta yake, tukawa tunawagawia watu harusini. Hatukuwaza zaidi ya hapo. Kundi letu lilikuwa na jina, lakini katika habari hii nimeahidi kutoandika jina la mtu wala la kundi, na sababu yake inakuja.

Mgeni mmoja wa harusi, aliyekuja kutoka Unguja kuwatembelea jamaa zake, aliondoka na sidii mkobani. Mtoto wa ndugu yake alikuwa mtangazaji katika redio moja ya Dar es Salaam. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Sisi tulichokijua ni simu ya mdogo wangu, tena siku ya Jumatatu.

"Dada, usinigombeze," alianza. "Kuna wimbo redioni, na huyo anayeimba ana sauti yako. Nimemwambia mume wangu, huyu ni dada. Ananicheka. Anasema dada yako anafua mashuka Uarabuni."

"Unasemaje huo wimbo?"

Akaniimbia. Nilikaa juu ya kapu la taulo chafu.

Redio ile ilikuwa na kipindi cha Jumamosi mchana cha nyimbo kumi bora za wiki, wasikilizaji wakipiga simu kuchagua. Siku zile vijana wa kizazi kipya ndio walioishika redio, wanachana mistari kwa kasi, na katikati yao tukatokea sisi wanawake watatu tusio na haraka. Tuliingia nafasi ya tisa. Wiki iliyofuata ya sita. Kwa kuwa hatukutia picha wala majina kwenye sidii za kugawia, watu walibishana hewani sisi ni nani. Mmoja alisema ni Wamarekani waliofundishwa Kiswahili. Mwingine alisema yule wa Ijumaa ni Mzanzibari kabisa, sikiliza anavyotamka, na yule wa sabuni ni mwanamume. Mdogo wangu alinisimulia hili la mwisho huku akicheka hadi akakohoa.

Akaanza kunipigia kila Jumamosi na kusogeza mkonga wa simu kwenye redio. Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kazi. Msimamizi alijua, akakubali, na wenzangu wakawa wanaujua wakati wenyewe kuliko mimi. Jumamosi tulipokuwa tumebaki wawili, sisi na kijana mmoja maarufu, nilitoka koridoni na mlango wa chumba cha kufulia ukabaki wazi. Mashine zilikuwa zinanguruma, sisikii. Yule mama wa Kisirilanka akaenda akazizima moja baada ya nyingine, vikaushio vyote, mpaka kukawa kimya kama stoo ya Rusayl. Kwa mbali, kutoka Tanga, nikasikia mtangazaji anamtaja yule kijana kuwa wa pili. Kisha nikasikia vidole vya rafiki yangu vikipiga, mwanzo wa wimbo wetu.

Niliwaambia kwa Kiarabu chetu, "Wahid." Namba moja. Walinipigia makofi, Wahindi, Wafilipino na Wasirilanka, na msimamizi akapiga mawili matatu kisha akasema yalla, washa mashine.

Furaha hiyo ilidumu hadi Ijumaa. Nilipofika Khuwair mama alinipokea mlangoni.

"Baba yao anakutakeni sebuleni. Usiogope, lakini usikae mpaka akwambie ukae."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, kanzu yake nyeupe, kofia ipo mapajani. Binti amesimama, rafiki yangu amesimama. Nikasimama nao. Yeye alijua ya harusi. Ya stoo, ya sidii na ya redio hakuwa ameambiwa, maana mama alikuwa amesema ataitafuta siku nzuri.

"Dada yangu kanipigia simu kutoka Unguja," alisema taratibu. "Kaniwekea wimbo. Kanambia, skiliza hawa, mji mzima unawaimba. Nikaskiliza. Ikapita sauti moja, ikapita ya pili. Ilipofika ya tatu nikamwambia, dada, rudia hapo." Akamgeukia binti yake. "Mie ndo n'lokusomesha Kurani. Nnaijua pumzi yako unavyoivuta."

"Ni mimi, Baba."

"Nnajua ni wewe. Nnauliza kwa nini nimekusikia kwa simu ya Unguja na chumba chako kipo hapo juu."

Mama akajibu badala yake. "Mie ndo n'lowaambia wangoje, nitafute siku ya kukwambia."

"Na siku yenyewe lini?"

"Leo."

Alimtazama mkewe, na nadhani alikuwa karibu kutabasamu, lakini hakutabasamu. Akauliza nani aliyetunga maneno. Nikasema ni mimi.

"Wewe ndo unofanya kazi ya kufua?"

"Ndiyo, baba."

"Hii habari ya mikono na sabuni ni kweli?"

"Ni kweli."

Aliivaa kofia yake. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba hadi leo. "Nna miaka mingi nchi hii. Kiswahili tunakisema ndani, mlango umefungwa, nje tunasema Kiarabu. Sijapata kukiskia redioni kikieleza maisha ya Maskati. Kaeni."

Tukakaa. Alitoa masharti yake. Majina yasiandikwe popote na nyuso zisitiwe kwenye kasha la sidii, kwa sababu heshima ya nyumba ni ya wengi na yeye hawezi kuwauliza wote. Tukaafiki. Mgoa alitutengenezea kasha lenye picha ya mikono sita imewekwa juu ya meza, ya kwetu sote watatu, na sidii iliuzwa hivyo Dar, Unguja na Mombasa. Kisha baba akaagiza kahawa, akauliza kama ipo nakala ya kusikiliza kwenye gari.

Mwaliko wa kuimba Dar ulikuja wiki kadhaa baadaye kutoka kwa redio ile ile. Hili ndilo lililonitia wasiwasi, maana ukumbi wa Dar haufungwi kwa wanawake. Binti alizungumza na baba yake wawili tu, sikuwepo. Aliporudi jikoni alisema ataimba, atavaa kama anavyovaa benki, mtandio wake kichwani, atasimama katikati na hatajificha nyuma ya pazia. Na mama atakwenda naye. Mama hakuwa amerudi tangu alipoondoka akiwa bibi harusi. Alisema, "N'takwenda, naam," akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona mchele uliokwisha chambuliwa anauchambua tena.

Tuliondoka wanne, na Mgoa wa tano. Alipofika uwanja wa ndege wa Dar alianza kumsalimia kila mtu "shikamoo", hata wabeba mizigo vijana, na wote walimjibu "marahaba" wakiwa hawana la kufanya.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Wanakwaya wa Moshi walikuja na basi zima, wamevaa sare. Mdogo wangu na mumewe walitoka Tanga, na shemeji yangu, yule aliyecheka, alinishika mikono yote miwili akaigeuza na kuitazama. "Ndiyo hii hii ya kwenye kasha," alimwambia mke wake. Rafiki yangu, aliyetufundisha kila kitu, ndiye aliyeogopa. Alisema amezoea kuwapa watu mgongo, kwaya ndiyo iliyo mbele yake. Binti akamwambia, "Basi ututazame sisi, dada. Watu waache."

Tulipopanda, sauti za minong'ono zilipita ukumbini. Walikuwa wanahesabu nani ni nani. Nilipoimba mstari wa sabuni, mtu mmoja kule nyuma alisema kwa sauti, "Kumbe ni mwanamke," ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka ndani ya wimbo, hivyo ndivyo hofu yangu ilivyoisha. Rafiki yangu aliuimba wa kwake akimtazama mtoto wake, aliyekaa na wanakwaya, amekuwa mrefu. Na binti alipofika kwenye Ijumaa, akaichelewesha kama kawaida yake, watu hawakungoja. Waliimba wao kabla yake, ukumbi wote, naye akafunga mdomo akawaachia.

Mama alikuwa safu ya mbele. Baadaye mwanamke aliyekaa karibu naye alituambia alivyomuuliza, "Yule wa katikati ni wako?" Mama akamjibu, "Wa katikati wangu, na wa pembeni wote wangu."

Kesho yake alituchukua kwa boti kwenda Unguja. Tulitembea naye katika mitaa ya mjini hadi mlango wa nyumba aliyokulia. Familia nyingine ilikuwa inaishi humo, mama mmoja na watoto wake, nao walitukaribisha chai bila kuuliza maswali mengi. Mama alikunywa kikombe kizima, akasifu chai, akaomba kuona dirisha la nyuma, akaonyeshwa. Niliogopa atalia. Alisema tu kwamba zamani lilikuwa la kijani, na kwamba bluu ya sasa imelipendeza zaidi. Tuliporudi Maskati, baba hakuuliza la onyesho kwanza. Aliuliza la nyumba. Walikaa sebuleni wakizungumza mpaka chakula kikapoa, na mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe.

Wimbo wetu ulikaa wa kwanza wiki kadhaa, ukashuka kama nyimbo zote zinavyoshuka. Tulitoa sidii ya pili kutoka stoo ile ile na haikufika mbali. Wengine walisema muziki umebadilika, na huenda ni kweli. Mimi naona tulikuwa tumechoka kidogo na hatukuwa na huzuni juu ya hilo. Binti aliposwa, akaolewa na daktari aliyekuwa anaujua wimbo wetu kabla hajamjua yeye. Rafiki yangu alirudi Moshi kwa mtoto wake, akaendelea na kwaya yake. Nimeambiwa na watu waliopita kule kwamba waumini wa usharika ule wanaimba tenzi wakichelewa kidogo, na mchungaji amekata tamaa ya kuwaharakisha.

Mimi nilibaki. Watu wa nyumbani waliniuliza kwa nini sikuacha kazi nikawa mwimbaji moja kwa moja. Niliipenda kazi yangu, ndiyo sababu. Nilipandishwa nikawa msimamizi wa chumba cha kufulia, nikaolewa na mtu wa Tanga mwenye duka dogo Matrah, na Mgoa aliendelea kushuka na koti lake mpaka alipostaafu.

Ijumaa naenda Khuwair na mume wangu. Yeye anakula na baba upande wa wanaume, wanazungumza habari za Unguja na Tanga mpaka alasiri. Sisi tunakula jikoni. Tukishiba, mama anajinyoosha kwenye mkeka analala, na mimi na binti, ambaye naye huja kwao kila Ijumaa, tunaosha vyombo tukiimba. Tunaimba sauti mbili, na ya juu tunaiacha wazi, kwa sababu mwenyewe yuko Moshi.